Karatasi ya damu isomwe hadi mstari wa MCV

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu upungufu wa damu, hasa ule ambao seli nyekundu huwa chache lakini kubwa kupita kiasi. Nimefanya kazi katika maabara za hospitali hapa Kisumu na viungani mwake kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na katika muda huo wote hakuna maneno niliyoyasikia dirishani mara nyingi kuliko haya: "Niliambiwa sina damu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu." Anayeyasema huwa ameridhika kwamba ugonjwa wake umepata jina. Ukweli ni kwamba hajaambiwa ugonjwa. Ameambiwa dalili, sawa na mtu aliyepeleka gari kwa fundi akaambiwa kwamba gari haliendi.

Damu ikipimwa kwa mashine, karatasi inayotoka huwa na mistari mingi. Mstari wa himoglobini ndio unaosomwa, na ni haki usomwe, kwa kuwa ndio unaoonyesha kama upungufu upo. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuanzia chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume mzima na chini ya gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Lakini mistari michache chini ya hapo kuna herufi tatu, MCV, yaani wastani wa ukubwa wa seli moja nyekundu. Kwa mtu mzima namba hiyo huwa kati ya femtolita 80 na 100. Ikishuka chini ya 80, seli ni ndogo, na mara nyingi huku kwetu sababu yake ni ukosefu wa madini ya chuma: minyoo ya safura, hedhi nzito, mimba za kufuatana. Ikipita 100, seli ni kubwa, na vidonge vya chuma peke yake haviwezi kuutibu upungufu wa aina hiyo hata mgonjwa akivimeza mwaka mzima.

Shangazi yangu, mkulima wa mpunga upande wa Ahero, alitibiwa upungufu wa damu kwa karibu miaka miwili bila mtu kuusoma mstari huo. Nami sikuwa na habari, kwa sababu kila nilipompigia simu alinijibu kwamba yu mzima, ni sukari tu inayomsumbua. Siku niliyokwenda kumjulia hali, alitoka jikoni akaja kivulini mwa mwembe tulikokuwa tumeketi, umbali wa hatua kama ishirini. Lapa la mguu wa kushoto lilimtoka njiani likabaki nyuma yake vumbini. Aliendelea kutembea, akaketi, akanisalimia, akaniuliza habari za watoto, wala hakujua kwamba mguu mmoja ulikuwa peku. Nilimwomba asimame wima, miguu pamoja, kisha afumbe macho. Aliyumba nikamdaka.

"Ni sukari, mwanangu," akasema. "Wameniambia ni sukari inayoila miguu."

Nilimwomba anionyeshe daftari lake la hospitali. Kila ziara ilikuwa na mstari mmoja: tarehe, himoglobini 8.1, vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Tarehe, himoglobini 9.0, vidonge vilevile. Tarehe, himoglobini 7.6, vidonge vilevile. Katikati ya kurasa kulikuwa na karatasi tatu za mashine zilizobanwa kwa pini. MCV ya kwanza ilikuwa 114, ya pili 117, ya tatu 121. Kando ya kila namba kulikuwa na herufi H, ambayo mashine huichapa yenyewe kuonyesha kwamba namba imezidi kiwango. Mashine ilikuwa imetoa onyo mara tatu, na kituo hicho, ambacho sitakitaja kwa kuwa si hicho peke yake, kiliendelea kuandika dawa ileile.

Wiki hiyohiyo nilimpeleka mjini akatolewa damu, na wenzangu wa zamani wakaniruhusu niitazame kwenye hadubini. Seli nyekundu zilikuwa kubwa, zenye umbo la yai. Kati yake niliona seli nyeupe ambayo kiini chake, kwa kawaida chenye vipande vitatu au vinne, kilikuwa na vipande sita vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba mithili ya shanga. Nilihesabu mara mbili. Mtu aliyefunzwa kazi hii akiiona seli ya namna hiyo, jambo la kwanza linalomjia akilini ni ukosefu wa vitamini B12 au wa foleti, vitamini ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki. Majibu ya kipimo cha B12 yalipokuja, kiwango kilikuwa chini sana.

Wasomaji wengi watauliza, kama nilivyoulizwa na jamaa zangu, inakuwaje mtu anayekula omena karibu kila siku akose B12, ilhali vitamini hiyo hupatikana katika samaki, nyama, maini, mayai na maziwa. Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo linalosahaulika. Kula ni jambo moja, kufyonza ni jambo jingine. Asidi ya tumbo ndiyo inayoichomoa B12 kutoka kwenye chakula. Kisha protini maalumu inayotengenezwa na tumbo huibeba hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na huko ndiko inakoingia mwilini. Tumbo la mtu mwenye umri mkubwa huweza kupungukiwa na asidi. Wako watu ambao kinga ya miili yao huishambulia protini ile ya kubeba. Wako waliokatwa sehemu ya tumbo au ya utumbo. Zaidi ya hao, wako wanaotumia dawa zinazozuia ufyonzaji huo kwa muda mrefu, na mbili kati yake ziko katika nyumba nyingi: metformini ya kisukari, na omeprazoli ambayo watu huinunua wenyewe kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Shangazi yangu alikuwa na umri wa miaka 71 na alikuwa ametumia metformini kwa miaka kumi na miwili. Ini huhifadhi akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huu huja polepole na mwenyewe huuzoea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. B12 na foleti hufanya kazi pamoja katika kutengeneza chembe za urithi, ambazo seli huzihitaji ili igawanyike. Moja ikikosekana, seli ndani ya uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, hukua bila kugawanyika ipasavyo. Nyingi hufia humohumo, na zinazotoka huwa chache na kubwa. Mgonjwa aliyekosa B12 akipewa asidi ya foliki peke yake, uboho hupata nafuu kidogo na himoglobini hupanda, kama ilivyopanda ya shangazi yangu kutoka 8.1 hadi 9.0. Kila mtu hufurahi. Lakini neva na uti wa mgongo huhitaji B12 kwa kazi nyingine ambayo foleti haiwezi kuifanya, na huko uharibifu huendelea kimyakimya: ganzi ya vidole, miguu isiyojua inakanyaga wapi, usahaulifu, hata kuchanganyikiwa. Kwa hiyo yeyote mwenye seli kubwa asianzishiwe foliki peke yake kabla suala la B12 halijaulizwa, na kama kipimo hakipatikani na dalili za neva zipo, daktari humpa B12 pasipo kungoja. Ganzi ya mgonjwa wa kisukari isihesabiwe kuwa ni sukari tu wakati karatasi yake ya damu inasema MCV ni 121.

Ziko dalili nyingine ambazo hazihitaji mashine. Ulimi wa shangazi ulikuwa mwekundu na laini, umepoteza vile vijinundu vya kawaida, na alikuwa amelalamika kwa miezi kwamba pilipili na chai moto vinamchoma. Macho yalikuwa na umanjano hafifu. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi kuliko mikono yenyewe. Weusi huo wa vifundo ni dalili inayojulikana ya ukosefu wa B12, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi, lakini nyumbani walidhani ni moshi wa kuni.

Foleti nayo ina habari yake. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, na yeyote aliyewahi kupita soko la Kibuye asubuhi, akaona mafungu ya osuga, dek, apoth, kunde na mchicha, atashangaa kusikia kwamba mtu wa huku anaweza kuikosa. Hata hivyo anaweza. Foleti huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu, kwa hiyo mboga zikichemshwa sana na maji yake yakamwagwa ili kuondoa uchungu, sehemu kubwa ya foleti huenda na maji hayo. Simlaumu mama yeyote. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa mboga hizo na sijaona zilizozishinda kwa utamu. Ninachosema ni kwamba maji yawe machache, moto uwe wa muda mfupi, na mchuzi uliwe. Tofauti na B12, akiba ya foleti mwilini huisha katika miezi michache tu, na huisha haraka zaidi kwa mjamzito, kwa mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli, ambaye uboho wake hufanya kazi usiku na mchana kufidia seli zinazokufa, na kwa mtu anayekunywa pombe kuliko anavyokula.

Daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda India mwaka 1928 kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay, walipata upungufu mkubwa wa damu wenye seli kubwa. Aligundua kwamba dondoo ya hamira, ambayo maskini angeweza kuimudu, iliwaponya, na mwaka 1931 akayatangaza matokeo yake. Kilichokuwa ndani ya hamira ile ndicho baadaye kilichojulikana kama foleti. Leo kliniki zetu za wajawazito hutoa kidonge chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa mahindi na wa ngano wa paketi watie humo chuma, zinki, foliki na vitamini nyingine, B12 ikiwamo. Unga wa posho mill ya kijijini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, na huo ndio unaoliwa na jirani zangu wengi. Nikiwa kwenye suala la wajawazito, niongeze jambo linalotuhusu sana sisi wa kando ya ziwa: mjamzito anayepewa salfadoksini na pirimethamini kumkinga na malaria, ile dawa ambayo wengi bado huiita Fansidar, hatakiwi kumeza foliki ya miligramu 5 wakati huohuo, kwa kuwa kiasi hicho huipunguzia dawa nguvu. Kidonge cha kliniki chenye mikrogramu 400 hakina tatizo hilo. Asijiongezee kingine kutoka dukani kwa kudhani kwamba kingi ni bora.

Si kila seli kubwa ni ukosefu wa vitamini. Miaka michache iliyopita mama mmoja kutoka upande wa Siaya alinijia akiwa na hofu kubwa, mkononi ameshika karatasi ya damu ya mwanawe mwenye selimundu. Mtoto alikuwa ameanzishiwa haidroksiyurea, MCV yake ikawa imepanda, na muuzaji mmoja wa dawa alikuwa amemshauri mama aiache dawa kwa kuwa "inaharibu damu". Nilimwomba arudi kwa daktari wake siku hiyohiyo. Haidroksiyurea hukuza seli nyekundu, na kupanda kwa MCV ni ishara kwamba mtoto anaimeza na mwili wake unaitikia. Kinachofuatiliwa ni himoglobini, seli nyeupe na chembe za kugandisha damu zisishuke kupita kiasi. Vivyo hivyo kwa zidovudini, dawa ya zamani ya kupunguza makali ya Ukimwi ambayo baadhi ya wagonjwa bado huitumia: karibu kila anayeimeza sawasawa seli zake hukua, na hilo peke yake si ugonjwa, ingawa kwa baadhi dawa hiyo huweza kushusha himoglobini vibaya na ikabidi daktari aibadilishe. Kotrimoksazoli, methotreksati na baadhi ya dawa za kifafa zimo pia katika orodha hiyo. Kwa sababu hiyo mgonjwa mwenye seli kubwa aende kwa daktari na dawa zake zote mfukoni, hata zile alizonunua mwenyewe, wala asiache hata moja kwa uamuzi wake. Shangazi yangu hakuachishwa metformini.

Pombe nayo hukuza seli hata kabla himoglobini haijashuka, iwe ni chang'aa, busaa au ya chupa ya bei ghali. Seli nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo anayeacha huhitaji miezi miwili hadi minne kabla MCV yake haijarudi mahali pake. Ugonjwa wa ini, tezi ya shingo iliyolegea kazi, na kwa wazee magonjwa ya uboho wenyewe, hayo pia huchunguzwa pale ambapo vitamini zimeonekana kuwa sawa. Mgonjwa aliyetoka kwenye malaria kali anaweza kuwa na MCV ya juu kwa muda, kwa kuwa uboho unamwaga seli changa ambazo kwa asili yake ni kubwa.

Kwa wenzangu wa maabara nina maneno mawili. La kwanza, damu iliyotolewa zahanati jioni ikafika kwenye mashine kesho yake mchana, haswa kama imekaa kwenye joto, huvimba seli na MCV hupanda kwa uongo. Muda wa kutoa damu uandikwe kwenye chupa. La pili, huku kwetu mgonjwa mmoja anaweza kuwa na safura inayomnyima chuma na wakati huohuo akakosa foleti au B12. Seli ndogo na seli kubwa zikichanganyika, wastani huangukia 90 na kila mtu husema ni kawaida. Ni jicho kwenye hadubini litakalouona mchanganyiko huo, na mstari wa RDW, unaoonyesha seli zinavyotofautiana kwa ukubwa, utakuwa umepanda. Tone la damu kutandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi ni kazi ya muda mfupi na ya gharama ndogo. Naomba iwe desturi kila MCV inapopita 100, pasipo kungoja daktari aandike ombi.

Kwenye zahanati zisizo na mashine, zenye kile kifaa cha kutoboa kidole kinachotoa himoglobini tu, kanuni moja ingewaokoa wengi: mtu aliyemeza vidonge vya chuma vizuri kwa mwezi mmoja na himoglobini yake haijapanda hata gramu moja, asipewe mwezi wa pili kabla hajapelekwa panapopimwa damu kamili.

Shangazi alilazwa kwa siku tano. Himoglobini ilikuwa imefika 6.7, na mtu mmoja wodini akataka atiwe chupa mbili za damu upesi. Daktari aliyekuwa zamu alikataa, nami namshukuru hadi leo, akaeleza kwamba moyo wa mgonjwa aliyepungukiwa na damu polepole kwa miezi mingi umezoea hali hiyo na waweza kulemewa ukimwagiwa damu kwa ghafla. Alidungwa haidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, miligramu moja kwenye msuli, siku moja akidungwa na ya pili akipumzishwa, kwa kuwa neva zilikuwa zimeguswa. Asiye na dalili za neva huanza kwa mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili. Potasiamu yake ilipimwa siku za mwanzo, kwani uboho ukiamka huitumia kwa wingi. Foliki iliongezwa baadaye. Kabla ya wiki kwisha seli changa zilikuwa zimejaa kwenye damu yake, himoglobini ikapanda kwa takriban gramu moja kila wiki, na mwisho wa mwezi wa pili ilikuwa 12.3. Ulimi umepona. Mguu wa kulia sasa unalijua lapa lake. Wa kushoto bado una ganzi kwenye vidole, na daktari amesema wazi kwamba ganzi hiyo huenda isiondoke.

Atadungwa kila baada ya miezi miwili maisha yake yote. Mara iliyopita aliambiwa dawa haipo ghalani, tukainunua duka la dawa mjini nami nikaipeleka Ahero kwa matatu. Kichupa chenyewe ni kidogo kuliko kidole gumba, dawa yake ni nyekundu, na haimo katika oda za vituo vingi vidogo kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba kuna mgonjwa anayeihitaji. Nawaomba wakuu wa afya wa kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Vihiga, Kakamega na Busia waiweke katika oda ijayo, na wawatake wahudumu wa vituo waandike MCV kwenye daftari la mgonjwa kando ya himoglobini.

Mtaalamu mstaafu wa maabara,
Kisumu